Mwenye Sale Husema Mwenyewe

Ng'ombe wangu hapendi kukamuliwa kwa mkono wa kushoto, nami sipendi kumkamua hivyo, ila mkono wa kulia ulikuwa kwenye hogo la plasta na hatukuwa na la kufanya. Vijana watatu walinivizia njia ya mfereji wakauvunja kwa fimbo, siku niliyorudisha fomu ya kugombea uenyekiti wa kitongoji. Wawili sikuwafahamu. Wa tatu alikuwa Praygod, mtoto wa jirani yangu Mzee Ebenezeri, aliyekua kwa maziwa ya zizi langu hilihili. Kituoni aliwaambia polisi kwamba siku hiyo alikuwa Kahe akimwagilia vitunguu, na baba yake akaapa kuwa ni kweli.

Tangu hapo kitongoji kilinyamaza. Wagombea wenzangu wawili walijitoa, tukabaki mimi na Mzee Ebenezeri aliyekuwa akitetea kiti chake. Mmoja alisingizia presha, mwingine hata sababu hakuitafuta. Kwenye mkutano wangu uliofuata walikuja watu saba, wanne kati yao ndugu zangu. Kina mama niliokutana nao njiani walinipa pole huku wakiangalia nyuma. Fimbo ilitua kwangu, maumivu wakayapata wote, na hilo ndilo lililonikasirisha kuliko mfupa.

Jumapili, zikiwa zimebaki siku tatu kupiga kura, Mzee Ebenezeri alifika kwangu baada ya ibada. Alikuja na Praygod, wazee wawili wa kanisa, na shemeji yangu Sifael, mdogo wa marehemu mume wangu. Praygod alikuwa ameshika jani la sale lililofungwa fundo.

Nilipoliona nilitamani kulia kwa hasira. Kwetu Uchaggani, ukiletewa sale kuombwa msamaha, huikatai. Mzee alilijua hilo vizuri kuliko mimi.

"Mama Elifuraha," alianza, "sisi ni majirani. Tumekuja kuomba yaliyotokea yaishe. Kesi ifutwe, na wewe, kwa ajili ya amani, utoe jina lako. Tumechoka na fujo."

Amechoka na fujo, maskini.

Sifael aliniinamia. "Shemeji, pokea. Sale hairudishwi."

"Sijasema nairudisha. Nauliza ni ya kosa gani."

Hapo ndipo mzee alipojikwaa. Alikumbuka kwamba sale hairudishwi, akasahau kwamba aliyeibeba hulitaja kosa lake kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi. Na mashahidi alikuwa amewaleta mwenyewe, tena wazee wa kanisa.

"Ni mambo ya vijana tu," akasema.

"Mzee, sale haisemewi. Aliyeishika aseme."

Mmoja wa wazee akaguna kwamba ndivyo ilivyo.

Praygod akasogea mbele. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema."

"Ni mimi niliyekupiga. Sikuwa Kahe." Akamtazama baba yake, kisha akaangalia chini. "Baba alisema tukutishe tu, ili ujitoe. Nikapitiliza."

Nilipokea jani kwa mkono wa kushoto, maana ndio mkono mzima niliokuwa nao. "Nimekusamehe," nikamwambia, na nilimaanisha. Kifua changu kilipata nafuu kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Mkono ni wangu, naweza kuusamehe. Hofu mliyowatia wenzangu si yangu, siwezi kuisamehe kwa niaba yao. Kwa hiyo jina langu halitoki. Polisi tutakwenda, ukayaseme hayohayo. Na kesho saa nne nina mkutano uwanja wa shule. Njoo uwaambie watu ulivyoniambia mimi."

"Hilo halimo kwenye mila," alisema Mzee Ebenezeri.

"Na kumvunja mjane mkono kumo?"

Alinyanyuka. Aliaga wote isipokuwa mwanawe.

Kesho yake nilidhani Praygod hatakuja. Alikuja, peke yake, akiwa na shati lilelile la jana. Habari zilikuwa zimemtangulia, maana uwanja ulijaa kuliko nilivyowahi kuuona msimu ule. Alisema yote, pamoja na la baba yake. Hakuna aliyepiga makofi. Nilisimama niseme la kwangu, lakini Bibi Mektrida alinitangulia. Ana miaka themanini, na sijawahi kumsikia akifungua mdomo mkutanoni.

"Uchaguzi uliopita walinichomea banda, na mbuzi wangu wawili wakiwa ndani," alisema. "Nimenyamaza miaka mitano. Aliyechoma yuko hapa, na anajua kwamba namjua. Na yeye aseme, kama huyu mtoto alivyosema."

Kule nyuma mwanamume mmoja alishusha kofia usoni akageuka aondoke. Watu walikuwa wamesimama bega kwa bega, na hakuna aliyesogea kumpisha.