Gari la Kumfikisha Wasike

Dalmas alipoleta ile mashine ya kuosha magari pale Otonglo, mwaka ambao magugu maji yalianza kuziba ziwa, alituahidi kwamba haitamfukuza mtu. Kweli, haikufukuza. Alitutoa ufukweni tulikokuwa tukiosha kwa ndoo na matambara, akatufanya watumishi wa brashi. Sisi tunapaka sabuni, gari linaingia, brashi kubwa zinalizunguka, linatoka upande wa pili likimetameta.

Shida ilikuwa tope. Tope jeusi la mashamba ya Kano linajua kung'ang'ania, na lina vijiwe. Kila lilipojaa kwenye brashi, mwenzetu Wasike alibonyeza kitufe chekundu ukutani, mashine ikasimama, akaingia kuzisafisha. Foleni ikafika barabara ya Busia. Honi kutwa. Dalmas akamwagiza Tom, fundi wake, aongeze kasi.

Tom alifanya kazi, sitamnyima haki yake. Alibadilisha pampu, brashi zikaenda mbio. Halafu akang'oa kile kitufe ukutani akakihamishia ofisini.

"Mnazimazima mashine kama redio," Dalmas alituambia. "Uchafu mtautoa ikizunguka. Mkono wa mtu una akili."

"Na akili ikichelewa?" nikamuuliza.

"Joram, wewe ungekuwa mbunge. Kwa sasa shika sabuni."

Watu wakacheka. Wasike naye alicheka, meno yote nje. Magari yakapita karibu maradufu, na Jumamosi Dalmas akatuletea soda.

Wiki iliyofuata brashi ilimshika Wasike mkono wa shati, ikamvuta. Akapiga kelele, "Zimeni!" Tulikimbilia ofisini wote. Mlango una kufuli. Dalmas amekwenda kula samaki, ufunguo mfukoni. Tulipouvunja, kelele zilikuwa zimekwisha.

Sasa, huku kwetu, awe Mjaluo awe Mluhya, anayeleta maiti nyumbani ndiye anayesimama mbele ya watu kueleza kifo. Neno lake ndilo linalozikwa pamoja na mtu. Dalmas analijua hilo kama ninavyolijua mimi. Ndiyo maana siku ya kumsafirisha Wasike kwao Bungoma alikuja mochari na pikapu yake mwenyewe, tangi limejaa, jeneza kanunua yeye, suti nyeusi mwilini.

Nabwire, mjane, alikuwa na mtoto mgongoni na hakuwa na gari lingine. Akakubali. Alitaka mumewe afike, basi.

Sisi wenzake tulipanda nyuma na jeneza. Tulipofika Otonglo pikapu ikakata kona, ikaingia kituoni. Mashine ilikuwa inafanya kazi. Haikupumzika hata kwa ajili yake.

"Mama, gari lina vumbi," Dalmas akasema. "Hatumpeleki mtu kwao na gari chafu. Tushushe jeneza kidogo tu, gari lipite mara moja kwenye mashine."

Nabwire akamtazama. "Na ukifika nyumbani utasema nini?"

"Nitasema ilikuwa ajali. Kwamba alikuwa ameonja kidogo, nani haonji? Wazee wataelewa."

Wasike hakuwahi kuonja hata busaa, ile pombe ya matangani.

"Mashine yako imeshamwosha, Bwana Dalmas," Nabwire akasema polepole. Kisha akatugeukia sisi. "Mteremsheni."

"Mama, akishuka hapa mimi simpakii tena."

"Shemeji Joram, mteremsheni."

Tukamweka kando ya barabara. Nilikuwa na maneno ya miaka mingi kifuani. Nikapanda juu ya pipa niwaambie wale madereva wa foleni ni nani aliyelala pale na kwa nini. Nabwire akanivuta suruali. "Hotuba baadaye. Tafuta gari."

Hakuna gari linalopenda kuokota maiti njiani. Yalipunguza mwendo, yakaona jeneza, yakaongeza. Jua likatuchoma, na siri ya jeneza ikaanza kunuka. Mwishowe lori la mchanga likatuchukua hadi Maseno, likatuacha. Tukamshusha tena. Kutoka hapo, lori moja la mahindi, kisha trekta la miwa lililokuwa likirudi tupu. Usiku tulimlaza kando ya barabara, mkewe kichwani, mimi miguuni.

Tulifika kesho yake, ndugu zake wamechoka kutungoja. Baba yake, Mzee Waliaula, akauliza nani amemleta. Nabwire akanionyesha mimi.

Ile hotuba haikuja. Nikaeleza tu: brashi, kitufe, ofisi, kufuli. Kwamba hakuwa amekunywa. Kwamba alisema "Zimeni."

Mzee aliweka mkono juu ya jeneza.

"Hicho kitufe," akauliza, "walikihamisha kwa sababu gani?"

"Kilikuwa kinapoteza muda, Mzee."

"Muda."

"Ndiyo, Mzee. Muda wa kuosha gari."

Alitikisa kichwa, akawageukia vijana.

"Mwingizeni kivulini," akasema. "Amekaa juani sana."