Pumba za Kuku

Kwaru, kwaru, kwaru.

Nilidhani ni panya. Alfajiri za hapa Dedza, milimani Malawi, zina baridi ya kuuma masikio, na jikoni giza lilikuwa bado limetanda. Nikapapasa kiberiti, nikawasha. Hakuwa panya. Alikuwa mwanangu Lonjezo, amechuchumaa kando ya kikapu cha pumba za kuku, mashavu yamemtuna, midomo imejaa vumbi la mahindi.

"Unafanya nini, baba?"

"Nakula."

"Chakula cha kuku?"

Akameza kwa shida. "Wao wanashiba, mama."

Nilimvuta kifuani, nikamfuta mdomo kwa ncha ya kitenge.

Siku chache tu nyuma Mwalimu Kachale alikuwa ameniita shuleni. Lonjezo alikuwa analala darasani, na asipolala anasukuma wenzake, anawang'ata, anarukia dirishani. "Mama Lonjezo, mimi simchukii mwanao," alisema. "Ila siku ya kufunga shule kila mtoto wa darasa la pili ataandika sentensi yake ubaoni na kuisoma mbele ya wazazi. Akishindwa, atakaa tena na wadogo zake."

Na kwetu hatukuwa maskini wa mahindi! Tulikuwa na nsima, ugali wetu, nyeupe kuliko zote upande ule wa kilima. Tulikoboa, tukapepeta, tukaloweka mpaka mahindi yakachacha, tukaanika, ndipo tukasaga. Mama yangu alijivunia weupe ule kama wengine wanavyojivunia ng'ombe. Lakini unga wa namna hiyo hupatikana kidogo, kwa hiyo tuliutunza kwa mlo wa jioni. Asubuhi mtoto alikwenda shule na chai ya sukari. Pumba, pamoja na viini vya punje, zilikuwa za kuku.

Katika darasa la jioni la kina mama, nilikojifunzia kusoma nikiwa nimempakata Lonjezo huyu huyu, tulifundishwa kwamba nguvu ya punje imekaa kwenye ganda na kiini. Nikaandika, nikapata vema, nikarudi nyumbani nikaendelea kukoboa.

Asubuhi ile nilibeba mahindi mazima mpaka mashineni. Unga ukatoka na rangi ya udongo. Nikakoroga uji, nikatia karanga zilizotwangwa, mvuke wake ukanukia uani kote.

Mama akachungulia sufuria. "Hiki nini, mwanangu?"

"Uji, mama."

"Huu ni uji wa mwaka wa njaa! Tuliukoroga hivi hivi ghala lilipokauka. Unataka watu waseme mumeo huko Afrika Kusini amekusahau?"

"Waseme, mama. Midomo ni yao, tumbo ni la mwanangu."

Jirani yetu Nabanda, aliyekuja kuomba kaa la moto, akaangua kicheko. "Heee! Siku hizi mnapika matope?"

"Matope haya yana karanga, Nabanda. Lete kikombe uonje."

"Nile pamoja na kuku wako? Bado sijaota manyoya, mwenzangu!"

Kufikia jioni, kule kwenye pampu ya maji nilikuwa nimeshapewa jina: Mama Kuku. Niliinamisha kichwa, nikajaza ndoo yangu. Lakini Lonjezo alikuwa amelamba bakuli mpaka likang'aa, na kesho yake akaniamsha yeye: "Mama, ule wa karanga."

Basi nikaendelea. Siku nyingine niliuchanganya na dagaa wa ziwani waliotwangwa, siku nyingine nikakata papai. Mwalimu Kachale akaacha kuniita. Lonjezo akaanza kurudi na habari za shule badala ya michubuko, na kuandika herufi kwa kidole kwenye majivu. Siku moja nikamkuta mama yangu anakwangua ukoko wa uji ule ule.

"Naonja chumvi tu," akasema.

"Chumvi imefika chini kabisa, mama?"

"Nyamaza, wewe."

Siku ya kufunga shule ubao uliegemezwa ukutani, nje, na wazazi tukajaa uwanja mzima. Lonjezo alipoitwa, nilimsikia Nabanda nyuma yangu: "Haya, tukione kifaranga."

Akashika chaki, ulimi nje. Akaandika neno, likafuata la pili. Kisha mkono ukasimama. Mtoto mmoja akacheka. Zamani Lonjezo angemrukia, au angetimua mbio mpaka mtoni. Mama alinibana vidole mpaka vikauma. Mwanangu akageuka, akanitafuta kwa macho. Nami, kwa kukosa la kufanya, nikajipapasa tumbo, kama ninavyofanya kila asubuhi nikimuuliza kama ameshiba.

Akatabasamu. Akarudi ubaoni, akaandika mpaka mwisho, akaweka nukta kubwa kama punje ya hindi.

"Kaandika nini?" mama akaninong'oneza, yeye hasomi.

Nilikuwa nimeshasoma. Nikafuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Msikilize mwenyewe, mama."

Lonjezo akatupa kifua mbele, akasoma kwa sauti iliyofika mpaka barabarani:

"Kuku wetu hawali tena chakula changu."