Majani Mdomoni

Torabaz aliingia uani kwetu na majani mdomoni, kamba shingoni, akivuta kondoo dume. Kwetu Wakhattak, mtu akija hivyo anasema: mimi ni mnyama wenu, nichinjeni au mnisamehe.

Tulimjua. Alikuwa Mwafridi, mtu wa kabila jirani, rafiki wa kaka yangu Khushdil. Wote wawili walikuwa maskauti wa mpakani, askari ambao Mwingereza aliwaajiri kutoka makabila yetu wamlindie milima iliyomshinda. Wote ninaowataja hapa nimekwisha kuwalilia.

Khushdil tulimzika wakati wa kuvuna ngano. Afisa wake alituambia ameuawa na Wamahsud, kabila la milimani walilopigana nalo. Tangu hapo mdogo wetu Sarwar hakuiacha bunduki, na asubuhi ile alikuwa tayari kuondoka kwenda kulipiza kisasi. Mahsud yeyote angemtosha.

"Umetuletea pole yenye mkia?" Sarwar alimtania Torabaz. "Mfunge hapo, tutamla nikirudi."

Torabaz alitema majani. "Baba," alimwambia baba yangu, "hakuna Mahsud aliyemuua. Ni mimi."

Maskauti walivaa kama watu wa milimani, shati lile lile, kilemba kile kile. Kwa hiyo waliolinda kilele walibeba kitambaa chekundu, ili wakishuka mbio wenzao wawatambue. Siku ile Khushdil alishuka wa mwisho. Kitambaa chake alikuwa amemfunga majeruhi pajani. Torabaz aliona kilemba kinakimbia, naye alikuwa na shabaha nzuri.

"Afisa anajua?" baba aliuliza.

"Ndiye aliyenikataza kusema."

Sarwar akakoki bunduki. Baba hakumzuia wala hakumruhusu. Alimtazama kondoo tu. Torabaz alipita mbele ya mtutu hadi kwenye tanuri la mama lililokuwa linawaka, akashika ukingo wake kwa mikono miwili. Aliyeshika tanuri yumo mikononi mwa mama mwenye nyumba; hata mwanawe hamgusi mpaka yeye aseme.

"Mama Khushdil," baba alisema, "neno ni lako."

Nilisikia harufu ya ngozi inayoungua.

"Toa mikono, mwehu we," alisema mwishowe. "Na wewe Sarwar, weka chini chuma hicho, unanizibia mwanga."

Sarwar akaweka.

Mama alibandua mkate tanurini, akampa Torabaz, upande ulioungua ukiwa juu. Kisha akamnyang'anya, akaugeuza, akampa tena.