Biskuti ya Njiani

"Karibu uonje, mama. Nje chokoleti, ndani biskuti kavu. Ya kula ukiwa njiani."

Mwonjeshaji alisema maneno hayo huku kisu kikishuka. Kila biskuti ilitakiwa kutoa vipande vinne, kila kipande na kijiti chake, na kisu kilitakiwa kufutwa kila mara, la sivyo chokoleti ilibanduka kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu. Chini ya sinia aliweka barafu iliyofungwa kitambaani, maana meza yake ilikuwa mlangoni mwa duka, na joto la barabarani liliingia pamoja na wateja. Wengi walichukua kipande bila kumtazama. Wachache walirudi mara ya pili wakijifanya wageni, naye akawakaribisha upya, kwa uso uleule.

Simu ilitetemeka mfukoni mwa aproni. Alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa akimuuguza kaka yake huyo mchana, yeye anapokuwa kazini.

"Wifi, usishtuke. Ameomba kula."

Mwonjeshaji akaweka kisu chini. Tangu hospitali iwaambie wamrudishe nyumbani, kwamba dawa iliyobaki ni ya kutuliza maumivu tu, mumewe alikuwa akinywa maji kwa kijiko na kuugeukia ukuta.

"Ameomba nini?"

"Hapo ndipo penye kazi. Nimempa uji, kaukataa. Anasema uji ni chakula cha mtu aliyekwisha fika. Yeye anataka cha njiani."

Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Alikula kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye usukani: mkate, yai la kuchemsha, chochote kisichodai sahani. Ndoa yao ilikuwa ya kusindikizana na kupokeana. Mara ngapi aliomba mume huyo akae nyumbani! Sasa alikuwa amekaa, naye aliijutia dua yake kama mtu aliyeomba mvua akaletewa gharika.

Msimamizi alimkuta akivua aproni.

"Unakwenda wapi? Wenye biskuti wanakuja kutukagua leo."

"Mgonjwa wangu ameomba chakula."

Msimamizi alitazama foleni, akatazama sinia. Kisha akaokota kisu, akakishika kama mtu anayetaka kuua nyoka.

"Nenda. Nitakata mwenyewe." Akampa biskuti moja nzima, ikiwa bado ndani ya karatasi yake. "Mpelekee."

Njia nzima aliibeba kwa ncha za vidole, akibadilisha mkono ili isiyeyuke.

Chumbani, wifi alikuwa amefungua pazia na kumwegemeza mgonjwa kwenye mito. Macho yake yalikuwa makubwa kuliko uso.

"Nitoeni nje," alisema. "Nani anasafiri akiwa kitandani?"

Walimbeba kwa shuka, mmoja kila upande. Mtu aliyekuwa akibadilisha gurudumu la lori bila kumwita jirani alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Wakamkalisha kwenye ngazi ya mlangoni, mkewe akakaa karibu naye, bega kwa bega. Wifi aliwatazama kidogo, akasema anakwenda kuosha kikombe. Kikombe kilikuwa safi.

"Hiki ndicho unachowalisha watu siku nzima?"

"Ndicho. Onja, ndipo useme."

Aliichana karatasi. Mume akalamba ukingo wa biskuti, akafumba macho, akalamba tena. Chokoleti ilimganda kwenye mdomo uliopasuka, naye mkewe akajizuia asiifute. Alipojaribu kung'ata, meno hayakuwa na nguvu. Akamrudishia.

"Imevaa koti zuri," alisema, "lakini mwenye koti ni mgumu. Huyo mle wewe. Leo wewe ndiye utingo wangu, na utingo hula alichobakiza dereva."

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Mkewe alimshika mgongo hadi kikapita. Kisha akatafuna. Kwa majuma mengi chakula kilikuwa kama maranda mdomoni mwake, na hata sasa hakusikia utamu. Alisikia tu umbo la ulimi wa mumewe pale chokoleti ilipokosekana.

"Hukuwahi kunichukua," alisema. "Hata safari moja."

"Njia ilikuwa mbaya."

"Miaka yote ilikuwa mbaya?"

Mume aliangalia kichochoro hadi mwisho wake, kama anayepima njia.

"Kila nikirudi ulinipokea kama mgeni," mume alisema. "Unanitandikia, unanichemshia maji. Niliogopa ukinizoea utaacha."

"Nilipika nikiwa na hasira. Hukujua tu."

"Nilijua. Chumvi ilikuwa ikinisimulia."

Mwonjeshaji alicheka, na machozi yakamtoka katika kicheko hichohicho, yakatelemka hadi kidevuni. Hakuyafuta, mkono mmoja ulikuwa na biskuti, na wa pili mume alikuwa ameushika.

"Usinyamaze," alimwambia. "Utingo akinyamaza, dereva husinzia."

Basi akazungumza. Alimweleza juu ya wateja wanaojifanya wageni, juu ya msimamizi na kisu chake, juu ya barafu inayomlowesha viatu. Alizungumza hadi kichwa cha mumewe kikamwegemea, pumzi ikawa ndefu, yenye mkwaruzo. Mume hakuomba chakula tena baada ya siku hiyo, na juma halikuisha kabla hawajamzika. Lakini jioni ile alikuwa amelala tu, na mkewe aliendelea kusimulia kwa sauti ya chini, mkono wake ukifa ganzi chini ya uzito ule mdogo.

Ng'ambo ya kichochoro, jirani alitoka kuanua nguo. Aliwaona. Akafungua vibanio kimoja kimoja, akivishika asivigonganishe, na alipofika kwenye shuka la mwisho, lililokuwa likiwakinga na jua, akaliacha kambani, akarudi ndani akitembea kwa vidole.