Bango la Ukoo wa Polikarpo

Kaka yangu Erasmus alichapisha ukoo kabla ya kuuchunguza. Bango la plastiki, mita tatu kwa mbili, lilitundikwa kwenye ukuta wa nyumba yake ya Goba wiki nzima kabla sijarudi na kumbukumbu alizonituma mwenyewe kuzifuata. Juu kabisa aliweka picha ya babu yetu: Polikarpo, Katekista wa Kwanza, Mume wa Mke Mmoja. Picha hiyo ni ya mzee mwingine kabisa, kwani babu hakuwahi kupigwa picha maishani mwake. Erasmus aliitoa mtandaoni. "Wanafanana," aliniambia, yeye ambaye babu alifariki kabla hajazaliwa.

Chini ya babu yakafuata matawi: bibi Otilia, baba yetu Albano, kisha sisi watoto, kila mmoja na sifa yake. Erasmus, Mkurugenzi Mstaafu. Pembeni, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani: Demetria, hakuolewa. Nimefundisha hesabu miaka thelathini, nusu ya vijana wa Sinza wanajua kugawanya kwa sababu yangu, na kaka yangu akaona la kuandika ni hilo.

Mbio zote hizi zilitokana na binti yake Loveness, aliyetaka kuolewa na Mashaka, kijana Mwislamu wa Chamazi. Kijana mwenyewe hana kasoro. Ana kazi, ana adabu, anasalimia hata mbwa. Ndiyo maana kasoro ikabidi itafutwe kwa mababu. Erasmus alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la ukoo, tukausikia wote hamsini na wawili: "Ukoo huu haujawahi kuchanganya dini tangu Polikarpo. Akipatikana hata mmoja aliyechanganya, mie mwenyewe nitawafungulia hao watu wa Chamazi geti, na hiyo ndoa ya mseto nitaisimamia. Daftari la kanisa halidanganyi."

Akanituma mimi nikalete ushahidi wa kuwasomea wageni siku ya posa. Eti nimestaafu, halafu sina familia ya kuniweka. Loveness alinisindikiza hadi stendi, macho mekundu. "Shangazi, baba akishinda hili, mie sina tena pa kushika," alisema.

Parokia ya babu iko juu milimani, huko Mbinga. Katibu wake, mzee Gregori, alininawisha mikono kwa sabuni kabla ya kunikabidhi madaftari. Ni kweli babu alikuwa katekista wa kwanza. Ni kweli alifunga ndoa na Otilia mwaka 1929. Lakini pembeni mwa mstari huo padri aliongeza kwa wino mwekundu, mwaka 1934: "Amerudi kutoka manamba na mke wa pili. Ameondolewa ukatekista." Kumbe babu alikwenda Pwani kukata mkonge, akavuna na vingine. Alikuwa wa kwanza kupewa kazi, akawa wa kwanza kufukuzwa. Nilicheka mpaka Gregori akafunga mlango.

Nikasema labda padri alikuwa na chuki zake. Nikashuka mjini kwenye hifadhi ya nyaraka, nikaomba orodha za kodi za enzi za mkoloni, maana zamani zile mke wa ziada alilipiwa kodi. Orodha ya mwaka 1938 ikanijibu: Polikarpo, wake wawili. Otilia. Somoe binti Mwishehe, Mzaramo. Mke unaweza kumficha padri, lakini sijapata kusikia mwanamume aliyejisingizia mke mbele ya mtoza kodi.

Nilirudi kwa Gregori kutafuta kama Somoe aliacha mtoto. Alimwacha mmoja. Daftari la ubatizo, mwaka 1936: Albano, baba Polikarpo, mama Somoe, Mwislamu. Baba yetu. Bibi Otilia tuliyemlilia na kumzika alikuwa amemlea tu.

Bado nilijipa moyo kwamba baba hakujua, mtoto hujuaje. Gregori akatoa fomu ambayo baba aliijaza mwenyewe kabla ya ndoa yake, mwaka 1958. Jina la mama: Somoe. Dini: Mwislamu. Marehemu. Chini yake sahihi, ile A yenye mkia mrefu iliyokuwa inasaini ripoti zangu za shule.

Hapo kicheko kilinikauka. Mwaka 1991 nilimleta nyumbani Salumu, karani wa posta kutoka Temeke. Baba alisimama, akasema ukoo huu haujawahi kuchanganya dini, akamwonyesha mlango. Nilimtii kwa sababu nilimwamini. Salumu alinisubiri miaka miwili, kisha akaoa, na sasa ana wajukuu. Na aliyemfukuza alinyonya kwa Somoe! Nililia pale ofisini, na hayakuwa machozi ya huzuni, ilikuwa hasira tupu. Gregori alinisogezea glasi ya maji, akalivuta daftari lisilowane.

Jumamosi ya posa niliwakuta wageni wamekwisha kufika. Gari lao limeachwa nje kwenye mteremko, geti limefungwa kwa kufuli, nao wamepitishwa mlango mdogo na kukalishwa upande wa jua. Nilimpa Erasmus nakala jikoni. Alizisoma mara mbili.

"Wamekosea hawa," alisema.

"Wote? Padri, mtoza kodi na baba?"

"Deme, soma mpaka ndoa ya babu, uishie hapo. Ya pembeni si lazima. Usimvue nguo marehemu mbele ya wageni."

"Mie alinivua mbele ya Salumu, nikiwa hai."

Alitoka, akasimama mbele ya bango lake, na kwa kuwa kimya hakikuwahi kumkaa, akahutubia ukoo safi kwa robo saa. Mwisho akasema, "Dada yangu atawasomea kidogo." Nilisoma chote. Wino mwekundu, wake wawili, ubatizo, fomu. Wifi yangu alishika sinia la sambusa akasahau kuliweka chini.

Wa kwanza kusema alikuwa Bi Rukaiya, bibi yake Mashaka, Mzaramo naye, aliyekuwa anajipepea kwa ncha ya mtandio.

"Somoe binti Mwishehe, Mzaramo," alirudia taratibu. "Basi baba Loveness, kumbe sie tumekuja kuposa kwetu. Mbona mmetukalisha juani?"

Mashaka aliinamisha uso kuficha kicheko. Loveness hakuficha kitu. Alitoa simu, akaongeza sauti, na uani pote tukamsikia baba yake: mie mwenyewe nitawafungulia hao watu wa Chamazi geti.

Erasmus aliwatazama wageni, akalitazama bango, akanitazama mimi kwa jicho ambalo zamani lilinitisha. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akaenda getini. Tulimsikia akihangaika na kufuli, halafu mabawa ya geti yakafunguka na gari la Chamazi likaingia.

Loveness aliniletea kalamu nene ya wino mweusi. "Shangazi, tumwandike bibi." Nilipanda kwenye kiti, nikaandika Somoe kando ya Otilia, nikachora mstari kutoka kwake hadi kwa baba. Maneno Mume wa Mke Mmoja niliyaacha, kwa sababu kila atakayesoma sasa atacheka mwenyewe.

Kisha nikateremka hadi kwenye jina langu. Nilikata hakuolewa kwa mstari, nikaandika kwa herufi kubwa kuliko zote: ALIKATAZWA. Nilipogeuka, Erasmus alikuwa amesimama nyuma yangu, ufunguo bado mkononi, akilisoma.