Ukuta Usiotaka Saruji

Nimehama nyumba sita katika miaka minne, na kila nilipohama niliacha kitu: sufuria, jirani mwema, mara moja hata kuku aliyekataa kushikwa. Kwa hiyo tulipopata kupanga nyumba ya bibi mmoja, Koko Mwavita, hapa Kindu, nilimwambia mume wangu Jules kwamba mimi hapa sitoki tena. Sebule ilikuwa na mwanga wa kutosha cherehani yangu, paa halikuvuja, na wateja waliniona tangu barabarani. Koko mwenyewe aliishi kwenye kijumba cha uani, na hakuwa na makuu.

Mwezi wa nane ndipo nilipouona ufa. Ulianzia sakafuni karibu na cherehani, ukapanda wima hadi juu ya kichwa changu. Nilidhani ni utando wa buibui, nikaupangusa kwa kitambaa. Haukupanguka. Wiki iliyofuata ukatokea wa pili, hatua moja pembeni, nao wima. Ukuta huo ndio unaotutenganisha na Papa Hamidou, mwalimu mstaafu, maana nyumba zetu zimepeana migongo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, lakini hawakusema kama maneno hayo yanamhusu mpangaji. Nilimwendea Koko Mwavita. Mara ya kwanza alinipa chai ya mchaichai, akasema, "Iko vile tangu zamani, mwanangu. Uache tu." Mara ya pili nilimwambia Jules ataziba mwenyewe, bure, kwa saruji yetu. Siku hiyo hata chai sikupewa.

"Saruji, hapana," alisema.

Nilirudi nimevimba kwa hasira. Mtu anayekataa kazi ya bure ana lake jambo. Lakini chini ya hasira kulikuwa na woga, nakiri. Nikibaki, ukuta utaniangukia. Nikiondoka, nitahama mara ya saba, na moyo wangu haukuwa na nguvu hizo.

Jules akasema niache, ukuta ni kazi yake. Mume wangu alichimba madini kule Kampene miaka tisa, na kwa mchimbaji kila kitu ni shimo. Aligonga ukuta kwa mpini wa nyundo huku ametega sikio, kushoto, kulia, katikati.

"Katikati haiko sawa na kando," alisema. "Inalia mbalimbali."

Kesho yake alileta miti minne, akaisimamisha kuegemea ukuta kwa mbao na kabari, vile vile wanavyozuia udongo huko chini. Sebule yangu ikawa njia ya mgodi. Kisha akanifundisha sheria yao: mti hulia kabla ya kuvunjika.

"Muti ukilia, unatoka mbio. Usichukue hata kiatu."

Kosa lake ni kwamba huko Kampene chini ya ardhi hakupiti pikipiki. Hapa kwetu zinapita kutwa, na kila ikipita yenye mzigo mti ulilia. Siku ya kwanza tulitoka mbio mara nne. Jumatano nilikuwa nampima Madame Nathalie gauni la harusi ya dada yake. Pikipiki ikapita na mifuko ya mchele, mti ukalia, Jules akapiga kelele, "Toka!" Madame Nathalie, mama mwenye heshima zake, akajikuta barabarani na gauni la mkono mmoja, pini kiunoni. Mtaa mzima ulicheka. Mimi nilicheka baadaye, nilipokwisha kumwomba radhi.

Kelele hizo ndizo zilizomleta Koko Mwavita. Aliingia akiwa amejitanda kitenge chake, akaiona ile miti, akasimama kama aliyetukanwa.

"Nani alifunga njia?"

"Njia gani, Koko?" nikamuuliza.

"Hii! Muntu akikuja mbio hapa, atapita wapi?"

Tukatazamana mimi na Jules. Koko akakaa kwenye kiti cha wateja, akashusha pumzi, ndipo akasema.

"Wakati wa vita, treni ilikufa, chumvi ilipotea, na wenye bunduki walikuwa wanaingia saa yoyote. Wanaingia kwa mulango wa mbele, kila mara. Basi miye na Aïcha, mama ya Hamidou, tukatoboa ukuta na michi ya kutwangia mpunga. Wakiingia kwangu, tunapita kwake, tunatokea nyuma. Wakiingia kwake, Aïcha na watu wake wanapita kwangu."

"Mara ngapi, Koko?"

"Sikuhesabu. Nilikuwa nabeba watoto."

Vita vilipokwisha waliziba, lakini kwa matofali na udongo mtupu, bila kuyashikanisha na ukuta. Ndiyo maana nyufa zilikuwa wima: zilikuwa miimo ya mlango, na lipu ilipochoka zikaonekana. Koko alitaka iwe hivyo. Siku ya shida, mateke matatu tu na njia imefunguka.

"Na hukuniambia!" nilifoka. "Mwezi muzima nalala na jicho moja!"

"Ningekuambia nini? Karibu, mwanangu, nyumba iko na sebule, vyumba mbili, na pa kukimbilia?"

Jules akageuka kuficha kicheko. Kisha akasema kwa adabu, "Koko, naweza kuifunga muzuri na saruji, ikuwe ukuta wa kweli. Ama tunaiacha vile iko. Useme weye."

Koko aliinuka, akaweka kiganja ukutani, akasimama pale kama mlinzi. Niliona aibu, nikaona huruma, halafu, kwa kuwa mimi ni mimi, nikakasirika upya. Zaidi ya miaka ishirini, mama wa watu analinda ukuta peke yake!

"Jules," nikasema, "usiifunge, usiiache. Uweke mulango. Mulango yenye fremu haiangukie muntu."

Koko akaitikia kwa kichwa. Tukamwita Papa Hamidou, tukidhani tutamshangaza. Kumbe naye upande wake ameweka kabati mahali hapo hapo, na mke wake, Ramla, amelia miaka yote kwamba haruhusiwi kutia hata sahani ndani.

"Mama alinikataza kulijaza," alisema Papa Hamidou. "Lisikuwe zito kusukuma."

"Na mimi sahani zangu chini ya kitanda!" akasema Ramla.

Jumamosi Jules alibomoa. Kweli, teke la tatu matofali yalikwenda. Aliweka kizingiti juu, miimo pembeni, na kwa mara ya kwanza Koko akaruhusu saruji. Niligonga ukuta kila upande mimi mwenyewe, maana simwamini mtu. Umesimama imara, na mimi sihami.

Ramla ndiye aliyetangulia kupita, na sinia la wali na samaki, akiuliza nani ana njaa. Sote tulikuwa nayo. Koko Mwavita hakugusa chakula. Aliinuka, akashika mwimo, akavuka hadi sebuleni kwa Papa Hamidou. Akageuka, akarudi kwetu hatua kwa hatua, mikono mitupu, machozi yakimtiririka naye anacheka.

"Leo njo mara ya kwanza," alisema, "napita hapa polepole."