Tonge la Mwenye Kufunga

Sista Maza aliweka karatasi mbili mezani pake hospitalini, akazisukuma upande wa wageni wake. Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu Yeshimebet apasuliwe, na tumbo lake la chakula lipunguzwe likabaki jembamba kama ndizi. Sukari ilikuwa imeshuka. Magoti yalikuwa yameacha kumliza kwenye ngazi. Siku za uji mwepesi na supu za kuchujwa zilikuwa zimekwisha, na sasa ilimpasa achague namna ya kula atakayoishi nayo.

"Hii ya kwanza ina mayai, maziwa, jibini laini, samaki na kuku," Sista alisema. "Hii ya pili nimewaandikia nyinyi watu wa kanisa. Dengu, kunde, shiro laini, maziwa ya soya. Najua Mfungo Mkuu unaanza Jumatatu. Ila ya pili ni ngumu zaidi, nisiwafiche. Tumbo dogo hushiba dengu kabla mwili haujapata haki yake. Na zote mbili zina sharti moja. Mara tano kwa siku, kidogo kidogo, kuanzia asubuhi."

"Mlaji ni mke wangu," Negash alisema. "Achague mwenyewe."

Alisema hivyo, lakini kidole chake kilikuwa tayari juu ya karatasi ya pili.

Yeshimebet alikitazama kile kidole, kisha akamtazama mwenye kidole. Walikuwa wameoana miaka thelathini na minne.

"Nachukua hii ya mfungo," alisema.

Jioni ile binti yao Meklit alipofika kutoka kazini na kuisoma karatasi, alikaa kitako kwenye kigoda bila hata kuvua koti.

"Siku hamsini na tano bila yai, Mama? Na wewe ndiyo kwanza unainuka?"

"Hata wenye afya wanafunga."

"Wenye afya hawana tumbo la ndizi! Baba, wewe ndiye uliyemchagulia."

"Mimi? Kamuulize Sista. Sikutamka hata neno moja."

"Mwache baba yako," Yeshimebet alisema. "Kweli hakutamka."

Negash akajifanya anatafuta miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekaa miezi mitatu peke yake mbele ya sinia kubwa la injera, ule mkate mpana ulio laini, huku mkewe ameketi kando na kibakuli chake na kijiko chake, akiitazama saa ya ukutani. Nyumbani kwao sinia lilikuwa moja siku zote. Na kila siku, tangu wiki ya harusi, Negash alikuwa akikata kipande cha injera, anakikunja na mchuzi ndani, na kumtia mkewe mdomoni kwa mkono wake. Gursha, tonge la upendo. Hakuna anayetoa gursha moja akaishia hapo. Moja ni mwanzo wa ugomvi, mbili ni nusu ya kazi, tatu ndipo moyo unatulia. Kwa miaka arobaini Negash alichora mabango ya maduka kule mtaa wa Piasa, na vidole vyake vilikuwa imara, havitetemeki. Hakuwahi kumdondoshea Yeshimebet hata tone la mchuzi kidevuni.

Mfungo ukirudi, alijiambia, sinia litakuwa moja tena. Chakula chake na chakula changu kitakuwa kimoja. Hilo tu ndilo aliloliona kwenye karatasi ya pili.

Na kweli, siku za mwanzo zilikuwa tamu. Alfajiri Negash alijitanda shuka lake jeupe, akaenda kanisani, akasimama na fimbo yake katikati ya wanaume wenzake mpaka ibada ikaisha. Alirudi mchana, na saa tisa, saa ya kufungua, wakaketi pamoja. Alikata vipande vya injera vidogo kama stempu, akavipaka shiro, ule mchuzi mzito wa unga wa kunde. Tatu. Yeshimebet alitafuna polepole kama alivyofundishwa, macho ameyafumba.

"Zimekuwa ndogo mpaka nasikia aibu," Negash alisema. "Mtu akituona atasema nimekuwa bahili."

"Atasema umezeeka, huoni vizuri."

Wiki ya tatu Negash aliingia chumbani akamkuta mkewe amekaa kitandani, chanuo mkononi, na kishungi cha nywele pajani. Yeshimebet alikifunika haraka kwa kiganja.

"Ni msimu tu," alisema.

"Nywele zina msimu?"

Siku iliyofuata alimwona akitoka jikoni ameshika ukuta kama mtu anayepita gizani, na nje jua lilikuwa linawaka. Negash alikwenda kwa jirani kuomba simu aite teksi.

Sista Maza aliyasoma majibu ya damu mara mbili. Uso wake haukukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Negash.

"Weizero Yeshimebet," Sista alimwita kwa heshima, "saa moja asubuhi unakula nini?"

"Maziwa ya soya."

"Saa nne?"

"Dengu zilizopondwa."

"Saa saba?"

Yeshimebet alikunja ncha ya kitambaa chake. "Kile kilichoandikwa."

"Mama yangu," Sista alisema polepole, "damu yako inasema unakula mara moja tu kwa siku. Nani anasema uongo, wewe au damu?"

Mlangoni alipita mtu akisukuma kiti cha magurudumu.

"Mara moja," Yeshimebet alisema mwishowe. "Saa tisa. Mume wangu akirudi."

"Na asubuhi yote?" Negash aliuliza. "Mimi naondoka naamini unakula! Meklit anakuachia maziwa mezani!"

"Nampa paka wa jirani, wa Askale."

"Kwa nini?"

"Nile na nani, Negashye?"

Alimwita kwa lile jina la kudekeza, bila kulalamika, kama mtu anayeuliza saa. Negash alimwona akilini mkewe kwenye ile nyumba tupu, kibakuli mbele yake, hakuna mkono wa pili kwenye sahani. Hata mgeni asiyejulikana, akipita mlangoni mtu anakula, huitwa aketi. Na yeye alikuwa kanisani akimwombea afya.

"Basi sikilizeni," Sista alisema. "Karatasi ya pili imeshindwa. Kuanzia leo ni mayai, maziwa na jibini, mara tano, au nimlaze hapa nimlishe kwa mpira. Nawapa wiki moja. Na si mimi wa kuchagua. Mtu hachaguliwi mdomo wake."

Wakitoka hospitali walipitia kwa Abba Melaku, baba yao wa roho, wakamkuta uani anabandika soli ya kiatu chake. Aliwasikiliza huku gundi inakauka.

"Mgonjwa hafungi," alisema. "Hilo hukuja kuniuliza, ulikuwa unalijua. Kula, binti yangu. Tena ule bila kununa, maana kula kwa kununa ni dhambi nyingine."

"Nimesikia, Abba."

"Na wewe Negash, usimtazame mwenzio anakula yai kama unatazama nyumba inaungua."

Asubuhi yake Meklit alichemsha yai, akaliponda, akaliacha mezani kabla ya kwenda kazini. Negash hakwenda kanisani. Saa nne yai lilikuwa palepale, limekauka pembeni.

"Ruhusa unayo," alimwambia.

"Ruhusa ninayo. Hamu ndiyo sina." Yeshimebet aligeuza uso. "Nikae hapa nitafune yai, wewe umekaa hapo na njaa yako unanitazama? Nitaonekana mtu gani? Halishuki. Nimejaribu, Negash. Likifika hapa kooni linasimama."

"Kidole kilikuwa changu," Negash alisema.

"Kidole gani?"

"Kule kwa Sista. Nilikiweka kwenye karatasi ya mfungo. Ulichagua kidole changu, hukuchagua chakula."

Yeshimebet alitaka kukataa, kisha akaacha. Alimpapasa mkono mara moja tu. "Nilitaka sinia letu," alisema. "Na mimi nilikuwa nalitaka."

Negash aliinuka akaingia jikoni.

Jikoni hapakuwa mahali pake. Alijua majiko yalipo kama mtu anavyojua barabara ya mji aliowahi kupita na basi. Aliwasha jiko kwa njiti ya tatu. Yai la kwanza lilipasuka mkononi, likamwagikia jiko. La pili alilitia kwenye maji baridi, akasimama analitazama, hajui litaiva lini. Harufu ilianza kupanda, ikapita dirishani, ikavuka ukuta wa mabati.

"Gash Negash!" Ilikuwa sauti ya Askale, jirani, aliyemwita Gash kama kaka mkubwa. "Ni yai hilo nasikia, au shetani anaijaribu pua yangu katikati ya Mfungo?"

"Ni la mgonjwa!"

"Na mpishi ni nani?"

"Mimi!"

"Ee Mungu," Askale alisema. "Likianza kugongagonga sufuria hesabu mpaka mia tatu. Na ukimaliza uoge, usije ukaingia kanisani unanuka kama banda la kuku."

Negash alihesabu mpaka mia tatu na hamsini kwa usalama. Alilimenya, likatoka na mashimo kama ukuta wa zamani. Akaliponda na siagi kidogo. Kisha alikata kipande cha injera, ukubwa wa stempu, si zaidi, akakunja yai ndani yake kwa vidole vitatu, akakipeleka sebuleni juu ya kiganja kama kitu kinachoweza kuruka.

Yeshimebet aliangalia tonge, kisha mtoaji.

"Wewe umefunga."

"Mdomo ndio umefunga. Mkono haujafunga."

"Nani kakwambia hivyo?"

"Kama ni kosa, kosa langu. Mimi silitazami yai linaliwa. Mimi natoa gursha. Natoa gursha kila siku ya maisha yangu, sasa leo nini?" Akasogeza tonge karibu. "Fungua, Yeshiye. Mkono unachoka."

Alifungua. Negash aliweka tonge juu ya ulimi wake kwa uangalifu, kama alivyokuwa akiweka nukta ya mwisho kwenye bango. Yeshimebet alitafuna. Walihesabu wote wawili bila kutoa sauti, midomo ya Negash ikicheza, mpaka thelathini. Alimeza. Alingoja aone kama litasimama kooni. Negash naye alingoja.

Likashuka.

"Halina chumvi," Yeshimebet alisema.

"Nimetia."

"Hukutia. Ningejua."

"Nimetia, mama! Kwa vidole hivi!" Na ili kuthibitisha, Negash aliokota punje ya yai iliyobaki kiganjani, akaitia mdomoni.

"Negash!"

Akaganda. Punje ilikuwa juu ya ulimi wake. Kumeza hawezi, kutema chakula mbele ya mkewe hawezi vilevile. Alisimama katikati ya sebule, mashavu yamevimba kama mpiga tarumbeta, macho yamemtoka, mzee wa kanisa kwa miaka thelathini, siku ya ishirini na nne ya Mfungo Mkuu.

Yeshimebet aliweka mkono mdomoni. Mabega yakaanza kutikisika. Halafu kicheko kikamtoka, kile kicheko chake cha zamani kilichokuwa kinasikika mpaka barabarani, akashika kovu la tumbo kwa mikono miwili. "Usinichekeshe! Linauma! Tema, wee mwanaume! Tema!"

Negash alikimbilia dirishani. Alisukutua mara tatu kwa maji ya jagi, akarudi anajifuta ndevu, uso umemwiva.

"Nitamwambia nini Abba?"

"Mwambie ulikuwa kazini." Alifuta machozi kwa kitambaa. "Enhe. Lina chumvi?"

Negash alifikiri. Alikuwa mtu mkweli.

"Halina," alisema.

Yeshimebet akacheka tena, mpaka paka wa Askale akaondoka mlangoni. Kicheko kilipokwisha alikuwa anahema, na mashavu yake yalikuwa na rangi ambayo Negash hakuwa ameiona tangu kabla ya hospitali. Alivuta karatasi ya kwanza, ile ya mayai na maziwa, iliyokuwa imekaa chini ya redio wiki zote zile, akaisoma kwa mara ya kwanza kutoka juu mpaka chini, kidole chake kikifuata mistari.

"Saa saba jibini," alisoma. "Saa kumi maziwa. Nakula hii. Lakini nisikilize. Saa ya kuwa kanisani uende kanisani. Asubuhi nitakunywa maziwa yangu mwenyewe, nitajikaza, na paka atafute kwao. Saa nne uwe umerudi."

"Ibada inaisha saa saba."

"Basi utoke katikati. Utasema una mtu wa kulisha."

Negash alikwishaanza kukunja tonge la pili. Safari hii alichovya ncha ya kidole kwenye chumvi, akainyunyiza juu kidogo kidogo huku mkewe akiangalia, mpaka alipoitikia kwa kichwa kuwa inatosha. Alitafuna. Thelathini. Likashuka.

Kisha Yeshimebet akaweka kiganja kifuani, akasikiliza ndani kama mtu anayesikiliza mlango, maana Sista alisema akishiba aache, hata kama ni katikati ya tonge. Negash alisubiri mkono ukiwa hewani.

"Bado moja," Yeshimebet alisema, akafungua mdomo.